Walanguzi hawakuanzisha uhaba wa NES Classic Edition

Wengi huamini kwamba walanguzi ndio walioifanya NES Classic Edition iadimike. Konsoli hii ndogo, yaani mashine ya michezo ya video, ya kampuni ya Nintendo ina michezo 30 ya zamani iliyohifadhiwa ndani yake. Ilipotoka Marekani mnamo Novemba 2016 kwa dola 59.99, shehena zilizofika madukani zilikuwa chache mno kulingana na mahitaji, na Aprili 2017 kampuni ikatangaza kuwa inasitisha kuipeleka Amerika Kaskazini, ilhali wateja walikuwa bado wanaisaka. Walanguzi waliukuta uhaba huo wakauzidisha, wengine kwa programu zilizokamilisha oda kabla mnunuzi wa kawaida hajamaliza kuandika anwani yake, kisha wakauza kwa bei maradufu na zaidi. Hilo ni kosa lao, na mzazi aliyelipa bei hiyo ana haki ya kukasirika. Hata hivyo, konsoli hiyohiyo iliporudishwa madukani Juni 29, 2018, ilipatikana kwa bei yake ya awali, na mwezi huo ikaongoza Marekani kwa idadi ya konsoli zilizouzwa, ingawa walanguzi walikuwapo vilevile.