Hadina Haiongezi Ugumu: Kuhusu Rezini Kwenye Deraya za Karatasi

Nimeletewa tena dirii ya karatasi ya manila iliyojikunja pembeni na kupasuka kifuani, na maelezo yaliyoambatana nayo ni yale yale: "Niliongeza hadina ili iwe ngumu zaidi." Hadina ni kimiminika kinachotiwa kidogo kwenye rezini, plastiki ya maji inayopakwa juu ya karatasi, ili igande. Imani hii imeharibu deraya nyingi za maigizo na za kosplei (kujivika kama wahusika wa hadithi na filamu) ambazo watu walizikata na kuzigundisha kwa uvumilivu mkubwa, na inaniudhi kwa sababu kila anayeirithi humfundisha mwenzake.

Ninazungumzia rezini ya poliesta, ile ambayo wauza faiba (nyuzi za kioo) hukupimia pamoja na kichupa kidogo cha hadina. Epoksi ni jambo jingine. Katika epoksi, hadina huungana na rezini na kubaki humo kama sehemu ya kipande chenyewe, ndiyo maana mtengenezaji hutoa uwiano mkubwa, kama vile mbili kwa moja, na ndiyo maana kuukosea uwiano huo, kwa kuzidisha au kwa kupunguza, hukuachia kitu laini. Katika poliesta, kinachofungana ni poliesta yenyewe pamoja na stairini iliyomo ndani ya rezini tangu dukani. Hadina, ambayo ni aina ya peroksidi, inaanzisha tu mfungamano huo. Ni kiberiti, si kuni, na hakuna aliyewahi kupata moto mkubwa zaidi kwa kuwasha njiti tano badala ya moja.

Basi nini hutokea ukiizidisha? Mfungamano huanza mahali pengi mno kwa wakati mmoja, minyororo inayojengeka huwa mifupi, na joto hupanda haraka kuliko linavyoweza kutoka. Rezini huganda kikoponi kabla hujamaliza bega moja. Isitoshe, poliesta hupungua ujazo kwa takriban asilimia 5 hadi 8 inapokauka, na ikipungua ghafla juu ya karatasi iliyopakwa upande mmoja tu, huivuta karatasi upande huo. Ndipo chapeo inapobana masikioni na dirii inapofunguka kama jani kavu. Tena peroksidi hii haiuzwi ikiwa safi, bali huwa imechanganywa na kimiminika cha kulainisha plastiki, kwa hiyo anayemimina hadina zaidi ili apate ugumu anamimina pia kilainishi.

Kipimo cha kawaida ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa rezini. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa mimi huanzia 1, yaani takriban mililita 1 kwa gramu 100, nikipima rezini kwa mizani ya jikoni na hadina kwa bomba la sindano. Kizibo cha chupa si kipimo. Usishuke chini ya 1 pia, kwa sababu rezini iliyoanzishwa kwa unyonge inaweza isikomae kabisa hata ukiisubiri mwezi mzima.

Nadhani ninajua imani hii inakotoka. Mtu hupaka tabaka la kwanza, hungoja, kisha hugusa na kukuta kidole kinanata. Huhitimisha kwamba hadina ilikuwa chache, na safari ijayo huongeza. Lakini unato huo mara nyingi husababishwa na hewa. Oksijeni huzuia mfungamano katika utando mwembamba wa juu, na rezini ya kujengea matabaka imetengenezwa iwe hivyo kwa makusudi, ili tabaka linalofuata lishikamane nayo. Chukua kitambaa chenye asetoni kidogo, futa sehemu ndogo isiyoonekana, kisha bonyeza kwa ukucha. Ukikuta ugumu usiobonyea chini ya utando ule, rezini yako imekomaa na hadina yako ilitosha. Ukucha ukizama, hapo kweli kuna tatizo la kipimo au la kuchanganya. Kwa tabaka la mwisho, tumia rezini iliyotiwa nta. Nta hupanda juu na kuifungia hewa nje.

Kuhusu upakaji sitarefusha. Weka mihimili ya kadibodi ndani ya kipande kabla ya kupaka, kwa sababu karatasi iliyolowa rezini hulegea. Paka nje tabaka jembamba, liache likomae, kisha laza faiba kwa ndani. Mkeka wa faiba wa gramu 300 kwa mita ya mraba, matabaka mawili, na rezini yenye uzito wa takriban mara mbili ya mkeka. Gongagonga kwa brashi hadi weupe wa nyuzi upotee. Nguvu ya deraya inatoka hapo, katika faiba. Styrofoam, lile povu jeupe jepesi la plastiki, usiipake poliesta, kwa kuwa stairini huiyeyusha, na sponji ya EVA, ile ya mpira laini, hupinda huku rezini ikipasuka juu yake.

Nakiri kwamba majedwali ninayoyategemea yameandikwa kwa vyumba vya nyuzijoto 20 hadi 25, na manila iliyonyonya unyevu wa masika haifuati jedwali. Ndiyo maana kila siku ya kazi huanza na kikopo kidogo cha majaribio. Wapo pia wanaoshauri kupaka ndani na nje siku moja ili mivutano ilingane. Kwangu baadhi ya vipande vimenyooka kwa njia hiyo na vingine vimepinda vile vile, na bado sijaweza kutofautisha sababu.

Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii stairini, ambayo mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliipandisha hadi kundi la vitu vyenye uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani kwa binadamu. Vaa kinyago chenye vichujio vya mvuke wa kemikali, fanya kazi mahali penye hewa, na funika macho, kwa kuwa tone la peroksidi linaweza kupofusha. Kama kichapuzi cha kobalti, kemikali ya kuharakisha ugandaji, kimeuzwa katika chupa yake, kichanganye kwanza na rezini. Kikikutana moja kwa moja na hadina, hulipuka. Rezini iliyobaki kikoponi iache nje juu ya zege hadi ipoe, mbali na matambara na karatasi, kwa maana rundo nene hupata joto kali hata pale hadina ilipopimwa sawasawa.