Usiisugue Hiyo Sarafu

"Nimeisafisha kabla sijaileta." Kauli hiyo humvunja moyo kila anayeshughulika na vitu vya kale hapa Mombasa. Sarafu inafunguliwa kutoka kwenye kitambaa ikiwa inang'aa kama kijiko cha dukani, na mwenyewe anasubiri asifiwe. Aliikuta kwenye kasha la bibi yake, ikamvuta, akaigeuzageuza usiku akijiuliza ni nani aliyeishika kabla yake na alinunua nini kwayo. Asubuhi akachukua ndimu na jivu, akayafuta majibu yote.

Basi dhana hii ndiyo itakayokula nafasi kubwa hapa: kwamba kitu cha kale lazima king'arishwe ndipo kipendeze na ndipo kipate bei.

Chukua pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ile ya shaba nyekundu yenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Tangu siku ilipotoka kiwandani, shaba yake imekuwa ikishikana na hewa na jasho la mikono, ikajijengea utando. Huanza hudhurungi yenye wekundu, ukaelekea weusi, na kwa sarafu iliyolala ardhini ukawa kijani. Watu huuita uchafu. Si uchafu. Uchafu hutoka nje ukatua juu ya kitu, lakini utando huu ni shaba ya sarafu yenyewe iliyogeuka. Ile ncha ya herufi ya Kiarabu, ile kamba nyembamba inayoshikilia kitanga cha mizani, sasa imo ndani ya utando, haiko chini yake. Ukiutoa utando, umeitoa herufi.

Asidi ya ndimu huyeyusha utando huo kwa dakika chache, ikaacha shaba tupu yenye rangi ya waridi na uso uliojaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Jivu na mchanga huongeza mikwaruzo. Itazame chini ya lenzi ya sonara ya mara 10: utaona mistari mingi imelala upande mmoja, kama ufuo uliopitishiwa reki. Hakuna dawa ya kurudisha kilichotoka. Anayenunua sarafu kwa kazi huiona mistari hiyo mara moja, na bei huporomoka papo hapo.

Kuna hasara nyingine ambayo wengi hawaijui kabisa. Chumvi za shaba huua vijidudu vinavyoozesha nguo, kwa hiyo sarafu iliyofungwa kwenye kitambaa kisha ikafukiwa mara nyingi huhifadhi alama ya kitambaa hicho katika utando wake. Nyuzi zimepitana juu na chini, na pengine unaweza kuzihesabu. Kitambaa chenyewe kimeoza zamani, lakini umbo lake limebaki kwenye shaba. Kama kuna kitu kinachoeleza kwa nini vya kale vinatuvuta, ni hicho: fundo alilolifunga mtu kwa mkono wake, bado linaonekana. Msuguo mmoja wa jivu na fundo limekwenda.

Wanaochanganya ndimu na chumvi ndio wanaoharibu zaidi. Chumvi huingiza kloridi ndani ya shaba, na kloridi haitoki kwa kuisuuza bombani. Hukaa kimya ndani ya vitundu mpaka ipate unyevu, kisha huanza kuila shaba na kutoa unga wa kijani kilichopauka, mwepesi kama poda. Ukiufuta, unarudi. Wahifadhi wa vitu vya kale huuita ugonjwa wa shaba. Huamka pale unyevu wa hewa unapopita takriban asilimia 42 hadi 46, na hewa ya Mombasa iko juu ya hapo karibu mwaka mzima. Sarafu iliyosuguliwa ndimu na chumvi leo inaweza kuwa imetoboka miaka michache baadaye, droo ikiwa imefungwa.

Usichanganye unga huo na utando mzuri wa kijani. Utando mzima ni mgumu, umeshikana, rangi yake imeiva, na ukiugusa kwa kijiti cha meno haung'oki. Ugonjwa ni madoa yaliyopauka yanayopukutika. Ukiwa na shaka, weka sarafu ndani ya kikopo kinachobana hewa pamoja na pamba iliyoloweshwa, visigusane, uiache siku moja. Ikitoka na vidoa vipya vya kijani, ni mgonjwa.

Kinachotakiwa kufanywa ni kidogo sana, na pengine ndiyo sababu watu hawakiamini. Kabla ya yote ipige picha pande zote mbili, ipime uzito, andika ilipopatikana. Ishike kwa ukingo. Udongo uliolegea uondoe kwa brashi laini kavu. Ule ulioganda, loweka sarafu katika maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za gari (maji, si asidi), uyabadilishe kila siku kwa siku kadhaa, kisha usaidie taratibu kwa kijiti cha mti. Maji ya kisima usiyaguse, maana visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Ikaushe kwa kitambaa laini kwa kuigandamiza bila kusugua, iache saa kadhaa mahali pakavu, halafu itie ndani ya kikopo kinachobana hewa pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vifuko hivyo hushiba unyevu, kwa hiyo vibadilishe kila baada ya miezi michache. Mchele hautoshi. Vifuko laini vya plastiki vya PVC navyo viepuke, kwani vinapozeeka hutoa asidi na mafuta yanayoshika sarafu. Iliyo na ugonjwa itenge na nyenzake na umpelekee mhifadhi, kwa sababu kemikali zinazotuliza kloridi si za kuchezea jikoni.

Vipi dele la kahawa, sinia, mrashi na chetezo vinavyong'arishwa kila Idi? Chombo kinachotumika kina haki ya kung'aa, na mng'aro huo ni sehemu ya maisha yake. Ila dawa nyingi za kopo zina amonia, na amonia huipasua shaba ya manjano pale ilipopindwa au kugongwa, hasa shingoni na kwenye mdomo wa dele. Ile krimu nyeupe inayobaki ndani ya nakshi iondoe yote kwa brashi. Na dele au sufuria ya shaba iliyopoteza bati kwa ndani isiwekewe chochote kichachu mpaka itiwe bati upya, nakshi iwe nzuri namna gani.

Kasha la misumari ya shaba ni jambo jingine. Dawa ya kung'arishia hupenya kwenye mbao kuzunguka kila msumari na kuacha pete nyeupe zisizotoka, kwa hiyo tumia kitambaa kikavu tu. Tena tafadhali acheni kupaka mbao za kale mafuta ya nazi. Hayakauki. Huvuta vumbi na kuchacha, na kwa unyevu wetu huota ukungu. Ikiwa mbao zimekauka sana, nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini, safu nyembamba mno, mara moja kwa mwaka, inazitosha.

Dhana nyingine zinahitaji maneno machache.

"Imeandikwa 1780, basi ina miaka zaidi ya 200." Hii ni reale yenye picha ya Maria Theresa. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka 1780, na kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani hii waliiamini sura ileile, iliendelea kupigwa kwa mwaka uleule. Ilipigwa Vienna, Rome, London na hata Bombay, mpaka karne ya 20. Iliyo halali ina gramu 28 na nukta kidogo, fedha asilimia 83, na maandishi yaliyoinuka kwenye ukingo. Mwaka ulio juu yake hauthibitishi lolote.

"Sarafu yenye tundu ina mamilioni." Senti zenye tundu za Afrika Mashariki zilitolewa kwa mamilioni, na ndiyo mamilioni pekee yaliyomo. Shilingi za 1921 hadi 1946 nazo si fedha tupu. Fedha ni robo tu. Umri pia haufanyi bei peke yake. Sarafu ndogo za shaba za Roma za karne ya 4 hupatikana kwa pesa kidogo kwa sababu zimebaki nyingi mno. Kinachopandisha bei ni uchache, hali ya uso, na kujulikana kitu kilitoka wapi.

"Cherehani ya zamani ina zebaki nyekundu." Haina. Zebaki nyekundu ya namna hiyo haipo popote duniani, na anayekutaka ulipe kwanza ili akupimie ni tapeli.

Kuhusu milango ya nakshi, misumari ile ya shaba haikuwekwa kuzuia ndovu. Mtindo ulitoka Bara Hindi, na huku ulikuwa pambo na tangazo la uwezo wa mwenye nyumba. Wala weusi wa mbao hauonyeshi umri, maana chai kali na rangi ya viatu huleta weusi huo kwa siku moja. Angalia nyuma ya mlango, ambako mtengenezaji hakutarajia utazame. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka isiyolingana, na msumeno wa mviringo wa mashine huacha matao. Msumari uliofuliwa na mhunzi una pande nne, ilhali ule wa waya wa kiwandani ni mviringo. Kisha tafuta uchakavu ulipo. Mlango uliotumika kweli umelika pale mkono unapofika, pembeni mwa mfaa (ule mti wa katikati ya mlango), kwenye pete, na kwenye kizingiti cha chini katikati. Uchakavu uliosambaa sawasawa kila mahali umetengenezwa.

Kwenye karatasi inabidi nikae kidogo, kwa sababu hili nalo linauma. Hati za mashamba, barua za babu kwa herufi za Kiarabu na picha za harusi zinapelekwa kupigwa laminesheni "ili zisiharibike." Mashine hiyo huyeyusha gundi kwa moto na kuishindilia ndani ya karatasi. Haitoki tena bila kuichana karatasi. Asidi iliyomo imefungiwa humo na inaendelea kuila, na picha inaweza kuacha rangi yake kwenye plastiki. Selotepu ni ndugu yake: baada ya miaka gundi inakuwa ya manjano na kupenya mpaka upande wa pili. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 zimehifadhiwa Goa, India, mpaka leo, na hakuna aliyezilaminisha. Ilaze karatasi bapa ndani ya bahasha safi isiyo na asidi, au kati ya kurasa mbili za polyesta angavu zilizo wazi pembeni, ndani ya boksi lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa nje unaovuta unyevu. Fungua utazame kila mwezi kama kuna mchwa au nondo. Ukitaka kuisoma mara kwa mara, ipige picha, usome picha.

"Kupenda vya kale ni mambo ya watalii." Nenda Mambrui ukatazame nguzo ya kaburi iliyopachikwa mabakuli ya Kichina. Ingia nyumba ya mawe ya Lamu uone zidaka, vile vishubaka vya plasta vilivyopangwa ukutani kwa ajili ya kuwekea kauri na vitu vya thamani. Watu wa pwani walikuwa wakitunza na kuonyesha vyombo vya mbali na vya waliotangulia karne nyingi kabla ya meli ya kwanza ya watalii kutia nanga Kilindini.

La mwisho ni la wavuvi na wachimbaji wa misingi: "Nimekiokota mimi, ni changu." Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya 2006 inataka anayegundua kitu cha kiakiolojia atoe taarifa kwa Makumbusho ndani ya siku 7, akieleza hasa mahali na hali alivyokikuta. Mahali ni nusu ya habari. Kigae kimoja ndani ya tabaka lake la udongo kinaeleza mengi kuliko jagi zima lisilojulikana lilikotoka. Mabaki ya Santo António de Tanna, meli ya Kireno iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 wakati ngome imezingirwa, yalichimbwa kuanzia 1977 hadi 1980, na elimu iliyopatikana ilitokana na kuandika kila kitu kilikuwa wapi ndani ya chombo.

Kwa hiyo nchi kavu, simamisha jembe, piga picha kitu kikiwa palepale na rula pembeni yake, kifunike, kisha toa taarifa. Kilichonaswa na nyavu kisikaushwe hata kidogo. Mbao zilizokaa baharini hushikiliwa na maji yaliyozijaza, na zikianikwa juani hujikunja na kupasuka siku hiyohiyo. Chuma kikikauka, chumvi iliyomo huganda na kukibandua tabaka kwa tabaka. Kitie ndani ya maji yaleyale ya bahari, kivulini, kizame chote. Ndoo yenye kifuniko inatosha.