Kompyuta Inajizima? Usikimbilie Kupiga Windows Upya

Kompyuta nyingi zinazofika kitengo chetu cha TEHAMA zimeshapigwa Windows upya, tena zaidi ya mara moja. Mwenyewe kalipa, mafaili yamepotea, na mashine bado inazima. Kwanza chunguza: huzima wakati gani?

Ikizima katikati ya kazi nzito, kama kuhariri video, kisha ikipoa inawaka vizuri, shuku joto. Prosesa nyingi hupunguza kasi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na joto likizidi mashine hujizima ili isiungue. Puliza vumbi huku umeshikilia feni isizunguke.

Ikikatika ghafla bila skrini ya bluu (ile ya Windows ya kutangaza hitilafu), angalia umeme wa ukutani na pawasaplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme. Windows itaandika kwenye orodha yake ya matukio (Event Viewer) tukio la Kernel-Power namba 41, na hapo mafundi wengi hutoa hukumu. Kumbe tukio hilo linasema tu kwamba mashine ilizimika bila utaratibu, aliyeizima halimtaji. Jaribu pawasaplai nyingine iliyo nzima. Hiyo yenye shaka usiifungue, maana kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ikiwa mbovu ndiyo inayosumbua kuliko zote, kwa sababu haina tabia moja. Leo programu inajifunga, kesho skrini ya bluu imeandikwa MEMORY_MANAGEMENT, keshokutwa faili ulilolihifadhi salama halifunguki. Hata hiyo Windows mpya huweza kuingia ikiwa na kasoro, kwa kuwa imepitia kwenye RAM hiyohiyo. Endesha mdsched, kipimo kilichomo ndani ya Windows, au weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi uiache ipime usiku kucha. Kosa hata moja tu ni tatizo. Lakini usinunue RAM mpya bado: zima mashine, chomoa waya wa umeme, toa vijiti vyote vya RAM, ujaribu kimoja kimoja kwenye nafasi tofauti. Kosa likihama na kijiti, kijiti ndicho kibovu. Likibaki kwenye nafasi ileile, shuku ubao mama, ule ubao mkuu unaochomekwa vijiti. Kwa wakazi wa pwani, chumvi ya hewani hushambulia miguu ya vijiti, na pengine kuisafisha tu kunatosha.

Mashine ikiganda huku hadidiski inagonga, acha vipimo vyote. Nakili mafaili yako kwenye diski nyingine kwanza, ndipo umwite fundi.