Ndigana si ugonjwa mmoja

Wiki hii nimeulizwa tena: ndigana iliyoua ndama inaweza kumpata mtoto anayekamua?

Ndigana ni jina la jumla la homa za ng'ombe zinazoletwa na kupe. Maana yake ni hiyo tu. Kinachotupoteza ni maneno "kali" na "baridi", kwa sababu wengi hudhani ni ugonjwa uleule, mara umepamba moto, mara umepoa. Sivyo kabisa. Ndigana kali inatokana na kimelea Theileria parva: tezi chini ya sikio huvimba, ng'ombe huhema kwa shida. Ndigana baridi inatokana na Anaplasma marginale, ambaye ni bakteria, na licha ya jina lake la upole huangusha ng'ombe mkubwa. Anayekojoa damu mara nyingi ana Babesia, kimelea cha tatu.

Kuvichanganya hakukuanza leo. Mwishoni mwa karne ya 19, akiwa Dar es Salaam, daktari Mjerumani Robert Koch aliona vidude vidogo ndani ya chembe nyekundu za damu ya ng'ombe, akadhani ni Babesia wachanga. Mwaka 1904, Afrika Kusini, daktari wa mifugo Arnold Theiler alivitenga na Babesia, akavipa jina la peke yake. Parva kwa Kilatini ni "ndogo". Ndiyo maana ukishuku ndigana kali, damu ya sikio peke yake haitoshi. Sindano iingie kwenye tezi, kwani kimelea huanza kuonekana huko, ndani ya chembe nyeupe, kabla hakijafika kwenye nyekundu.

Sasa mtoto. Theileria parva haimshiki binadamu, wala Anaplasma marginale. Babesia wa kumshika binadamu wapo; mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa Yugoslavia, 1957, mtu aliyekwisha kuondolewa wengu. Kwenye darubini pete zake hufanana mno na za malaria, ila hazina ile rangi ya kahawia ambayo malaria huacha ndani ya chembe, na kipimo cha haraka cha malaria hakiwaoni.

Lakini kupe mwenyewe anaweza kubeba Rickettsia africae, bakteria anayempa mtu homa na kidonda cheusi palipoumwa. Kwa hiyo mtoto akaguliwe mwili akitoka zizini, kwa sababu hiyo. Na kwa daktari wa mifugo, usiseme "ndigana" ukanyamaza; mwambie kama tezi limevimba au mkojo ni mwekundu.