Mwanafunzi wa ukalimani aishi na viziwi, na alale pia

Kila Septemba inapokaribia, mwezi wa Wiki ya Viziwi Duniani, simu za kitengo chetu cha mafunzo kwa vitendo huanza kuita mfululizo. Safari hii hazikuleta maombi peke yake. Zimeleta malalamiko, tena ya pande mbili ambazo kwa kawaida hazina ugomvi. Viziwi wanasema wanafunzi wetu wa ukalimani wa lugha ya alama hujaa kwenye mikusanyiko yao wakati wa kujifunza, wakishapata cheti hawaonekani tena mpaka pawe na kazi yenye posho. Wanafunzi nao, na hasa wazazi na wenzi wao, wanasema mafunzo haya yanawamaliza: mchana darasani, jioni kwenye ibada ya viziwi, usiku simu ya video kutoka zahanati, Jumamosi msibani, Jumapili harusini. Wote wanasema kweli. Makala haya yanaeleza msimamo wa chuo na kuomba ushirikiano wa umma, kwa sababu sehemu kubwa ya tatizo haianzii kwa mwanafunzi wala kwa kiziwi.

Nianze na lisilo na mjadala. Lugha ya Alama ya Tanzania (LAT) haifundishiki darasani peke yake. Kiziwi aliyesoma shule ya viziwi ya Tabora, iliyoanza mwaka 1963, ana alama zake. Aliyesoma shule ya viziwi ya Buguruni, Dar es Salaam, ana zake. Aliyekulia kijijini bila shule ana alama za nyumbani ambazo mama yake na wadogo zake ndio wanaozielewa. Hakuna mwalimu awezaye kuzikusanya zote akazileta mbele ya darasa. Mwanafunzi anazikuta kwenye mechi ya mpira, kwenye foleni ya chakula cha harusi, na zaidi ya yote kwenye kuagana, ambako kwa viziwi huchukua muda kuliko mkutano wenyewe. Watu wameshatoka ukumbini, giza limeingia, wote wamehamia chini ya taa ya barabarani ili mikono ionekane, na hapo ndipo habari zenyewe zinapoanza: nani kapata kazi, nani kaachwa, mtoto wa nani kafaulu. Mwanafunzi anayekimbilia daladala kila mara kabla ya hapo hatakuwa mkalimani mzuri. Tunalisema siku ya usajili na hatulibadilishi.

Ndiyo maana kila mwanafunzi ana daftari la mafunzo kwa vitendo lenye safu mbili, na naomba wazazi wasome sehemu hii kwa makini kwa sababu ndiyo inayoulizwa kila wiki. Safu ya kwanza ni saa za kuishi na jamii: kwenda kwa viziwi kama mgeni, rafiki, jirani, mshiriki wa ibada au mchezaji. Katika saa hizo mwanafunzi hakalimani. Safu ya pili ni saa za ukalimani chini ya usimamizi, yaani akiwa pamoja na mkalimani mzoefu aliyeidhinishwa na chuo, ambaye hutia saini siku hiyohiyo. Saini ya kesho yake haikubaliwi. Saa iliyoandikwa katika safu zote mbili inafutwa kotekote. Daftari linarudi kwa mratibu Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kabla ya saa tisa alasiri. Likichelewa mara ya kwanza ni onyo la maandishi. Mara ya pili mwanafunzi anasimama mafunzo kwa vitendo mwezi mzima. Mara ya tatu shauri linakwenda kamati ya nidhamu. Kughushi saini hakuna onyo, ni kufukuzwa.

Safu hizi hatukuzitenganisha kwa ajili ya urasimu. Ziko hivyo ili mwanafunzi apate mahali pa kuwa na viziwi bila kufanya kazi. Lakini tazama kinachotokea. Anakwenda harusini kama mgeni, hajakaa vizuri, mjomba wa bwana harusi anamshika mkono: "Wewe si unajua lugha yao? Njoo mara moja tu, dakika tano." Dakika tano zinaishia saa nne baadaye, na chakula chake kimefunikwa sahani mezani. Ukimuuliza mjomba, atakuambia kijana alikuwepo tu, hakuwa na kazi. Ndugu zangu, alikuwa na kazi. Alikuwa amekuja kujifunza lugha kwa wenyewe, nanyi mmemgeuza spika ya ukumbi.

Kuna wanaouliza: anapunga mikono tu, kachoka nini? Swali hili tunaulizwa hata na watumishi wa ofisi kubwa, na sioni kwa nini bado liulizwe. Mkalimani anasikiliza sentensi inayosemwa sasa, huku mikono yake ikitoa ile iliyopita, huku akili inatafuta namna ya kuipanga ijayo, kwa sababu mpangilio wa LAT si wa Kiswahili. Baada ya kama nusu saa mfululizo makosa huongezeka, na mara nyingi mwenyewe hajui kama anakosea. Anajiona yuko sawa. Kwa hiyo wakalimani hupokezana kila dakika ishirini hivi. Yule aliyekaa hapumziki: anamfuatilia mwenzake, anamrushia tarakimu au jina lililomponyoka, anarekebisha. Shughuli ya zaidi ya saa moja inataka wakalimani wawili. Taasisi inayosema itapunguza gharama kwa kumtumia mmoja haijapunguza kitu, imewapa viziwi nusu ya mkutano.

Mwili nao unadai. Maumivu huanzia kwenye kifundo cha mkono, yakapanda kwenye kiwiko, bega na shingo. Dalili ya kuogopwa ni ganzi ya vidole inayomwamsha mtu usiku, au kikombe kinachomponyoka asubuhi. Mwanafunzi akiona hivyo aripoti siku hiyo. Tunamwondoa kwenye ratiba na kumpeleka kwa daktari, na saa zake hazipotei. Wanaoficha kwa hofu ya kuachwa nyuma ndio wanaokuja kuacha fani kabisa. Kunyoosha viganja na mabega kabla ya kuanza, kushusha mikono mapajani kila palipo na nafasi, kutotumia mapumziko kuchezea simu kwa vidole vilevile vilivyochoka: haya si mapambo ya somo. Ni kazi yenyewe.

Sasa niseme la uso, kwa sababu hapa ndipo ukalimani wetu unapotofautiana na wa lugha za kusemwa, na hapa ndipo vijana wanapoumia bila kuonekana. Sarufi ya LAT iko usoni pia. Nyusi zinauliza, mashavu yanaonyesha ukubwa, kichwa kinakanusha. Mkalimani wa sauti anaweza kusema habari ya msiba kwa sauti tulivu na ujumbe ukafika. Wa lugha ya alama hawezi kuitoa kwa uso mkavu. Ujumbe utakuwa umeharibika. Tena anazungumza kwa nafsi ya kwanza. Mama akieleza alivyopigwa, mwanafunzi anasema "mimi nilipigwa". Daktari akitoa majibu mabaya, ni mikono ya mwanafunzi ndiyo inayomwambia mgonjwa, na ni macho yake ambayo mgonjwa anayatazama wakati anaambiwa. Kisha anapanda daladala kurudi bwenini. Akinyamaza siku tatu, chakula hakimpiti, mwenzake wa chumbani anadhani ana maringo.

Aongee na nani? Swali gumu, kwa sababu siri ya mteja hailegezwi. Jamii ya viziwi ni ndogo na watu wanajuana. Ukisema tu "mama mmoja wa Temeke mwenye mapacha", umeshamtaja. Si kwa mwenzako wa chumbani, si kwa mchungaji au shehe, si kwa mume wala mke. Utaratibu ni huu: ndani ya siku mbili baada ya kazi nzito, mwanafunzi anaonana na msimamizi wake ana kwa ana. Anaruhusiwa kueleza aina ya kazi kwa ujumla, kilichomgusa, alivyolala, anavyojisikia sasa. Haruhusiwi kutaja jina, mahali, wala jambo litakalomtambulisha mteja. Msimamizi akiona inahitajika, anampeleka kwa mshauri nasaha wa chuo. Kuvunja siri ni kusimamishwa papo hapo wakati uchunguzi unaendelea, na ikithibitika ni kufukuzwa. Lipo jambo moja lisilofichwa: panapokuwa na taarifa kwamba mtoto anadhurika, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mwanafunzi amwone msimamizi saa hiyohiyo, wasaidiane kuifikisha taarifa, asingoje siku mbili.

Sasa nirudi kwenye malalamiko ya viziwi, maana wana haki. Wanampa mwanafunzi lugha yao bure. Wanamsahihisha bila kumcheka, wanampa jina la alama, yaani ishara ya mkono ya kumtaja yeye, wanamkaribisha nyumbani kwao. Hilo ni deni, na wanafunzi wetu wanalijua. Ndiyo sababu wanashindwa kukataa simu. Lakini deni hili halilipwi kwa kukalimani usiku na mchana ukiwa hujaiva. Linalipwa kwa kuwepo pasipo na kazi: kupanga viti kwenye mkutano wa tawi la Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA), kuchanga msibani kama wengine, kumtembelea mzee kiziwi ambaye majirani humpungia mkono tu wakapita. Na linaendelea baada ya cheti. Mhitimu anayeonekana siku ya posho pekee tunamwita na kuzungumza naye, maana amechukua lugha ya watu akaondoka.

Kukataa nako kuna adabu yake. Wanafunzi wengi, wakichoka, huzima simu na kupotea. Hilo linawaumiza viziwi kuliko jibu la hapana, kwa kuwa maisha yao yote wamezoea watu wanaogeuza uso katikati ya mazungumzo. Mwambie rafiki yako, kwa LAT, mkitazamana: kuanzia saa nne usiku mpaka alfajiri sipokei video, niandikie ujumbe nitausoma asubuhi, na siku moja kwa wiki sikalimani, ila ukinialika chai nakuja. Watakuelewa. Wao pia wanachoka.

Watoto wa viziwi waliojiunga na chuo wana mzigo wa peke yao. Wengine wamekuwa wakiwakalimania wazazi tangu hawajaanza darasa la kwanza: dukani, benki, kwa mwenye nyumba. Hatuwakatazi mambo ya nyumbani. Ila kwenye chumba cha daktari, polisi na mahakamani, mtoto asiwe mkalimani wa mama yake. Awe mtoto tu, amshike mkono.

Kwa taasisi nasema waziwazi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikatungwa mwaka 2010. Wajibu wa kumfikishia kiziwi huduma uko kwa anayeitoa huduma. Hauko kwa msichana wa mwaka wa kwanza mwenye kifurushi cha intaneti. Nilipokagua mabweni nilimkuta mmoja karibu saa sita usiku, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari ili mikono yote miwili iwe huru, chai imeshapoa. Upande wa pili muuguzi anamweleza mama kiziwi kiasi cha dawa ya mtoto, na picha inakwama. Kipimo cha dawa ya mtoto, kwa picha inayokwama, kwa mwanafunzi ambaye bado hajafundishwa somo la tarakimu na vipimo. Huo si moyo wa kujitolea wa kupongezwa. Ni hatari, na hospitali ndiyo inayopaswa kuwa na orodha ya wakalimani wenye sifa na ratiba yao ya zamu.

Mahakamani ndiyo kabisa. Mkalimani huapishwa kabla ya kuanza, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani mkalimani aliyeapa akatoa kwa makusudi tafsiri anayojua ni ya uongo. Mwanafunzi hakalimani mahakamani wala kwenye maelezo ya polisi, hata akiombwa na nani. Akiitwa, anaonyesha kitambulisho cha mafunzo, anaeleza kuwa haruhusiwi, na anampigia mratibu.

Kwa Septemba hii, maombi ya wakalimani yaandikwe na yafike siku kumi za kazi kabla ya tukio. Yataje saa ya kuanza na ya kumaliza, mada, na idadi ya viziwi wanaotarajiwa. Hotuba zilizokwisha andikwa ziambatishwe, pamoja na majina ya wageni rasmi. Tukio la zaidi ya saa moja litaje wakalimani wawili. Likitaja mmoja tutalirudisha bila kulijadili. Mwanafunzi atakuja kama wa tatu, na msimamizi wake ndiye atakayeamua akae wapi na apokee kwa dakika ngapi. Viziwi wanaotaka kuwaalika wanafunzi wetu kwenye mechi, ibada au chakula hawahitaji fomu yoyote.