Laini ya seli ni nini, na kwanini "inaua seli za saratani maabara" sio habari kubwa kama inavyosikika

Juzi pale soko la Mwanga, Kigoma, kuna jamaa ana meza na spika, anauza unga wa majani pakiti elfu tano, na spika inajirudia yenyewe kutwa nzima, "umethibitishwa maabara, unaua seli za saratani". Mama mdogo wangu akanunua. Wala sio wa kwake, ni wa mjukuu wa jirani yake kule Ujiji, mtoto wa miaka sita aliyepasuliwa uvimbe wa ubongo Dar. Akapita kwangu jioni, hata shikamoo yangu hajaiitikia vizuri, akaweka pakiti mezani, "wewe si ulikaa kwenye maabara ya hivyo vitu, hebu niambie mwanangu, huyu mtu anasema kweli?"

Na tatizo ni kwamba inawezekana kabisa anasema kweli. Ila kuna neno hakulitaja, na bila hilo neno huwezi kujua sentensi yake ina uzito gani. Neno lenyewe ni laini ya seli.

Laini hapa sio laini ya simu, ni mstari wa uzao, mi nikiwaeleza watu wa nyumbani nasema ukoo wa seli. Yani zilitolewa seli kwa mtu mmoja, siku moja, zikawekwa kwenye chupa ya plastiki, zikakubali kuishi humo, na tangu hapo zinagawanyika tu, moja inakuwa mbili, mbili nne, bila kuchoka, na watu wa maabara wanagawiana chupa kwa chupa nchi kwa nchi. Seli zako za kawaida hazifanyi hivyo, ukizitoa zinagawanyika mara kadhaa zinachoka zinaacha. Za saratani breki ndo zimekatika, kwahiyo zikipona mwanzo zinaweza kwenda miaka hamsini.

Kama umekulia Kasulu au Buhigwe hii kitu unaijua tayari kwa migomba. Mgomba hatupandi mbegu, unachimba chipukizi ubavuni mwa mama yake unaenda kulipanda kwako. Bibi alipewa na wifi yake, akampa mama, mama akagawa kwa majirani, ule mgomba wa kwanza ulishaoza zamani hata shimo lake halijulikani, lakini ndizi unayokula leo ni ileile. Ndo laini ya seli hiyo.

Sasa kwenye uvimbe wa ubongo wa watoto kuna ukoo mmoja maarufu unaitwa Daoy. Mwenye seli zake alikuwa mtoto wa kiume wa miaka 4, na taarifa ya kuuotesha ilichapishwa 1985. Ugonjwa wenyewe unaitwa meduloblastoma, ni uvimbe unaoota kisogoni chini, kwenye ule ubongo mdogo unaoshika mwendo na usawa wa mwili, ndo maana mtoto anaanza kuyumba kama amelewa. Na uvimbe ukiziba njia ya maji ya ubongo anaamka na kichwa kinamuuma, anatapika asubuhi halafu mchana anacheza, watu wanasema malaria, wanasema minyoo (huyu wa Ujiji alimeza dawa za malaria mara tatu kabla mtu hajasema apigwe picha ya kichwa). Ukoo mwingine unaitwa D283, wenyewe ulitoka kwa mtoto wa miaka 6, tena ulichukuliwa tumboni, maana saratani ilishasambaa hadi huko. Hao watoto wawili pengine wametajwa kwenye tafiti za meduloblastoma kuliko mtu yeyote duniani, na hakuna jina, maelezo yanayokuja na chupa yanasema umri, jinsia, uvimbe ulipotoka, basi.

Maisha ya maabara yenyewe watu wanadhani ni mambo ya ajabu, ila mi nilichoona kwa miezi ile niliyokaa kule nje ni kazi ya kulisha. Unalisha seli kama unavyolisha vifaranga. Zinakaa kwenye inkubeta nyuzi 37, joto la mwili, na hewa imeongezwa kaboni dayoksaidi asilimia 5, chakula chake ni maji yenye sukari na chumvi na protini na ute wa damu ya ndama ambaye hajazaliwa (nilipoambiwa hiyo mara ya kwanza nilinyamaza kidogo). Chakula kibichi kina rangi nyekundu kama juisi ya rozela iliyozimuliwa, kuna rangi imewekwa makusudi, seli zikishakula zinatoa asidi, nyekundu inaenda machungwa, ikifika njano kama juisi ya nanasi ujue umechelewa, zina njaa na zimekaa kwenye uchafu wake. Kwahiyo asubuhi kitu cha kwanza hujasalimia mtu unafungua inkubeta unaangalia rangi. Zikijaa chupa unaweka kimeng'enya zinabanduka pale chini, unazigawa, chupa moja inakuwa nne, unaandika kwenye mfuniko tarehe na namba ya kugawa. Jumapili? Unaenda. Krismasi mnapangiana zamu.

Na za akiba zinalala kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Wafugaji wanaopandisha ng'ombe kwa mrija wanayajua yale mapipa yanayotoa moshi baridi, ni yaleyale, huku mbegu ya dume huku seli za mtoto aliyeugua miaka arobaini iliyopita. Kugandisha unafanya polepole, kama nyuzi moja kwa dakika, ila kuyeyusha haraka sana, kwenye maji ya uvuguvugu, ukizubaa zinakufa.

Sasa usidhani kila uvimbe ukiutoa unapata ukoo. Kipande kinatoka chumba cha upasuaji kwenye barafu, kadogo tu, kama harage, kinakatwakatwa, kinawekwa chupani, halafu mnasubiri, na mara nyingi zinakufa zote, au zinazoota sio za saratani ni zile za kawaida zilizokuja nazo, kama magugu. Na hapa ndo pa kushika. Zile chache zinazokubali plastiki sio mwakilishi wa uvimbe mzima, ni zile ngumu, zinazopenda mbio, na kila zikigawanywa zinazidi kuzoea chupa na kusahau kichwa zilikotoka. Miaka arobaini kwenye plastiki! Hata mgomba wa bibi ukiuhamisha mabonde mengi sana utakuta kuna chipukizi limegeuka kidogo.

Halafu meduloblastoma yenyewe sio ugonjwa mmoja. Mwaka 2012 watafiti walikubaliana kwamba kuna makundi makubwa manne, mawili yana majina ya njia za mawasiliano ndani ya seli, WNT na SHH, mengine mawili yanaitwa tu kundi la 3 na kundi la 4, na yanatofautiana kweli, wa WNT wengi wanapona, kundi la 3 ndo gumu zaidi. Kwahiyo dawa iliyofanya kazi kwenye Daoy inaweza isiseme lolote kuhusu mtoto wa kundi la 4 aliyelala wodini.

Kuna na suala la uchafu, na hili lilinipata mwenyewe. Mihogo tunapanda kwa vijiti, unachukua kijiti kwenye shina linaloonekana zima, unapanda heka nzima, baadae majani yanajikunja, kumbe batobato ilikuwa ndani ya kijiti muda wote. Kwenye seli batobato yake inaitwa mikoplazima, bakteria mdogo mno, hadubini ya kawaida humuoni, maji hayachafuki, seli zinaendelea kuishi tu ila tabia zinabadilika. Mi nilikuwa na wiki saba za majibu mazuri, grafu zimepanda vizuri hadi najisifu kwa watu wa nyumbani, siku ya kupima mikoplazima ikaja chanya, chupa zote zikaenda kuchomwa na zile wiki saba zikafutwa. Kipimo nilikuwa nakiahirisha mwenyewe, sina wa kumlaumu. Nilikula chakula cha mchana peke yangu siku hiyo.

Mbaya zaidi ni ukoo kumbe sio ukoo unaoudhani. Kuna seli zinaitwa U-87, za uvimbe wa ubongo wa watu wazima, zilioteshwa Uppsala kule Sweden miaka ya 60, dunia nzima imezitumia. Mwaka 2016 Waswidi haohao wakapima DNA, kama vile kipimo cha kutafuta baba, wakakuta zile zinazosambazwa hazifanani na kipande cha mgonjwa wa mwanzo kilichotunzwa. Ni uvimbe wa ubongo ndio, ila wa mtu mwingine. Miaka hamsini watu wanaita mtoto jina la baba mwingine. Siku hizi majarida mengi yanataka uthibitishe ukoo kwanza kabla hujachapisha, ni vizuri.

Haya, turudi kwa jamaa wa spika. Majaribio ya dawa yanafanyika kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kishimo unaweka seli elfu kadhaa, unadondoshea dawa kwa viwango tofauti, unasubiri siku mbili tatu, unapima ngapi ziko hai. Sasa kwenye sahani hiyo jiki inaua seli za saratani. Spiriti inaua. Chumvi ukizidisha inaua. Mi naweza kukukamulia pilipili mbuzi ya Kibirizi ikaua ukoo mzima wa Daoy kabla chai haijapoa, na nikakuandikia "imethibitishwa maabara" na sitakuwa nimedanganya. Kinachotakiwa ni kiue za saratani kiache nzima, kwa kiwango ambacho damu ya mtoto inaweza kubeba, na kwa ubongo kuna kigingi kingine, mishipa ya damu ya kichwani ina ukuta unaochuja, dawa nyingi zinaishia nje ya huo ukuta. Sahani haina damu, haina ini, haina ukuta, haina mtoto. Ndo maana baada ya sahani kuna panya, baada ya panya kuna majaribio kwa watu, na nyingi zinafia njiani.

Hapo mama mdogo akanikatiza, "sasa kama hazifanani na ugonjwa, mnazifuga za nini?" Swali zuri. Kwa sababu huwezi kuanzia kwa mtoto. Ukiwa na dawa 500 za kujaribu, sahani inakusaidia kutupa 480 kwa wiki chache bila mtu kuumia. Na haja ipo, mionzi ni sehemu kubwa ya tiba ya huu ugonjwa lakini ubongo unaokua inauharibu, chini ya miaka mitatu madaktari wanajitahidi kuikwepa kabisa, kwahiyo watu wanahangaika kutafuta dawa zitakazowapunguzia watoto hiyo mionzi. Kwenye nchi zenye uwezo watoto kama 7 kati ya 10 wenye meduloblastoma wanaishi miaka mitano na zaidi, ila wengi wanabaki na shida ya masomo, kimo, masikio.

Akauliza la pili, mama wa mtoto aliyetolewa hizo seli aliulizwa? Zamani mara nyingi hapana. Ukoo wa kwanza wa binadamu uliodumu unaitwa HeLa, herufi mbili mbili za Henrietta Lacks, mama mweusi wa Marekani mwenye watoto watano, seli zake zilichukuliwa 1951 hospitali ya Johns Hopkins bila yeye kuulizwa, akafariki mwaka huohuo ana miaka 31, seli zikasaidia hadi chanjo ya polio na familia haijui kitu kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku hizi kuna fomu ya ridhaa, kwetu utafiti kama huo lazima upite NIMR kwanza, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, mzazi anaelezwa na anaruhusiwa kukataa, na mtoto anatibiwa vilevile.

Akakaa kimya akiigeuzageuza pakiti. Nikamwambia mwambie jirani yako kliniki wasikose hata moja, na kama wameshaanza kumpa huo unga wamwambie daktari, wasifiche, kuna majani yanagombana na dawa. Akasema hawajaanza, alitaka kuniuliza kwanza. Akaitia kwenye pochi akaondoka. Wiki ilofuata nikaikuta kwake juu ya kabati la vyombo, haijafunguliwa, na hajaitupa.