Kipimajoto Ndani ya Barafu Hakisomi Mwaka Mmoja Mmoja
Wengi huamini kwamba kipimajoto kikiteremshwa katika shimo refu lililotobolewa kwenye barafuto (tungamo kubwa la barafu linalotiririka polepole), halijoto inayosomwa katika kila kina ndiyo iliyokuwapo juu ya uso mwaka theluji ya tabaka hilo ilipoanguka. Dhana hiyo inaeleweka, kwa kuwa tabaka za barafu kweli hupangana kwa umri.

Joto, hata hivyo, halitulii mahali pamoja. Husambaa polepole, hivyo tofauti ya kiangazi na majira ya baridi hufifia karibu yote kufikia kina cha meta 10 hadi 15, na kadiri tunavyorudi nyuma ndivyo kinachobaki kinavyokuwa wastani wa miaka mingi zaidi. Barafu nayo hutiririka, na joto la ardhi huipasha kutoka chini. Ndiyo maana watafiti hukokotoa ni historia zipi za halijoto zingeweza kuzaa vipimo walivyopata, na majibu yanayofaa huwa zaidi ya moja. Njia hii isidharauliwe: katikati ya Greenland, penye barafu yenye unene wa takriban kilometa 3, baridi ya enzi ya barafu iliyopita ingali inapimika. Lakini barafu iliyofikia kiwango cha kuyeyuka haihifadhi kumbukumbu hiyo.

Msomaji anaweza kujihakikishia kwa kufukia vipimajoto viwili udongoni, kimoja sentimeta 5 na kingine 50, kisha kuvisoma kila baada ya saa chache: cha juu hupanda na kushuka kwa kufuata jua, ilhali cha chini karibu hakibadiliki mchana na usiku.